Fulu Wakionekana Wagonjwa: Utatuzi wa Matatizo ya Tangi la Kioo Kisumu, Siaya na Nakuru

Miongoni mwa samaki wa asili wa Ziwa Victoria, wanaofaa zaidi kufugwa ndani ya nyumba ni fulu, wale sikilidi wadogo (jamii moja na ngege na perege) ambao wengi wao hawazidi sentimita 15, na ambao kabla ya mbuta (sangara) kuenea ziwani walikuwa wa aina mamia kadhaa. Bado wanapatikana kando ya Ghuba ya Winam na katika Ziwa Kanyaboli, kule kwenye kinamasi cha Yala. Mwongozo huu haufundishi namna ya kuanzisha tangi. Unamhusu mtu ambaye tayari ana tangi la lita 150 au zaidi, ana fulu wake ndani, na sasa anaona jambo ambalo hakuliona wiki iliyopita.

Kabla ya kwenda agroveti kutafuta dawa, jiulize dalili ilianza saa ngapi na ilitanguliwa na jambo gani. Samaki ana njia chache sana za kuonyesha kwamba anaumia: hupumua kwa kasi, hukataa chakula, hujificha, hubadilika rangi, na basi. Dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vitano, lakini ukijua kama ilitokea alfajiri, baada ya kubadilisha maji, baada ya stima kurudi, au polepole kwa majuma kadhaa, vyanzo hivyo vitano hubaki viwili au kimoja. Aidha, sehemu kubwa ya yale yanayoitwa magonjwa katika matangi ya huku kwetu ni matatizo ya maji, na dawa iliyomwagwa ndani ya maji mabaya huzidisha ubaya wake.

Samaki wote wako juu ya maji, vinywa wazi

Hali hii ikionekana saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri, kisha ikapungua jua linapopanda, tatizo ni upungufu wa oksijeni. Mimea na mwani hutoa oksijeni mchana palipo na mwanga, lakini usiku huitumia pamoja na samaki na bakteria waliomo kwenye changarawe, hivyo kiwango chake huwa cha chini kabisa kabla ya mapambazuko. Mwinuko wetu unaongeza ugumu. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Nakuru takriban mita 1,850, na kadiri hewa inavyokuwa nyepesi ndivyo maji yanavyoshika oksijeni kidogo. Kwa joto la nyuzi 25, maji yasiyo na chumvi yanaweza kushika miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa lita moja usawa wa bahari, karibu 7.2 Kisumu, na karibu 6.6 Nakuru. Kwa sababu hiyo, ushauri wa idadi ya samaki kwa kila lita ulioandikwa kwa wafugaji wa miji ya pwani za mbali haufai kufuatwa hapa bila kupunguzwa. Mimi ningeondoa robo nzima.

Tiba yake ni kutikisa uso wa maji. Wengi hununua pampu kubwa zaidi wakidhani mapovu ndiyo yanayotia oksijeni, kumbe kazi kubwa ya mapovu ni kuuvunja uso wa maji ili hewa ya nje ipate kuingia. Pampu ndogo inayofanya uso wote uchezecheze ina faida kuliko pampu yenye nguvu inayotoa mapovu kwenye kona moja. Punguza mimea iwapo imejaa, safisha majani yaliyooza, na usiwalishe samaki jioni sana.

Hali hiyo hiyo ikitokea stima inapopotea, chota maji ya tangi kwa kikombe uyamimine kutoka juu kila baada ya robo saa, na usiwape chakula hadi stima irudi. Hatari ambayo haijulikani sana iko mwishoni mwa giza hilo: kichujio cha kisanduku kilichofungwa kikizimika kwa saa nyingi, bakteria wema waliomo, wale wanaosafisha maji, hukosa hewa na kufa, na maji yaliyooza ndani yake husukumwa tangini mara stima inaporejea. Ndiyo maana mtu huona samaki wamestahimili usiku kucha halafu wanakufa asubuhi mitambo yote ikifanya kazi. Kabla ya kukiwasha, kifungue, mwaga maji yaliyomo, na usuuze sponji yake kwa maji ya tangi, kamwe si kwa maji ya bomba.

Iwapo samaki wanahema mchana kutwa ingawa uso wa maji unacheza vizuri, fikiria matamvua yaliyoumia kwa amonia, nitriti au klorini, ambayo yanaelezwa hapa chini. Na iwapo anayepanda juu kuvuta hewa ni kamongo, mwache: kamongo mkubwa hupumua kwa mapafu na akizuiwa kufika juu hufa maji, huku mumi (kambare) naye akiwa na kiungo cha kuvutia hewa. Wote wawili ni wala nyama, na kuwaweka pamoja na fulu ni kuwaandalia karamu.

Wamebadilika ghafla baada ya kuongezwa maji mapya

Samaki wakianza kurukaruka, kujikwaruza kwenye mawe na kuhema ndani ya dakika chache hadi saa chache baada ya kubadilishiwa maji ya bomba, chanzo cha kwanza kushukiwa ni klorini. Maji ya mji hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na haichagui kati ya kijidudu cha kipindupindu, bakteria wa kichujio na utando laini wa matamvua. Weka maji kwenye pipa lililo wazi, yatikiswe kwa pampu ya hewa kwa saa 24 kabla ya kuyatumia, au tumia thayosalfeti ya sodiamu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Pipa likae kivulini, kwa maana pipa jeusi lililoachwa juani Kisumu huweza kuleta maji yenye joto la kutosha kuwapa samaki mshtuko wa pili.

Wanaotumia maji ya mvua hudhani wako salama kwa sababu hayana klorini. Yana hatari nyingine. Mabati yaliyopakwa zinki, hasa yakiwa mapya, huachia zinki ndani ya maji ya mvua, na zinki ni sumu kali kwa samaki, tena kali zaidi katika maji laini yasiyo na madini. Dalili zake hazina haraka: samaki hutoa ute mwingi mwilini, hupumua kwa shida, hupoteza hamu ya chakula, kisha hufa mmoja mmoja kwa siku kadhaa. Vifaa vya kawaida vya kupimia maji ya tangi havionyeshi zinki, hivyo hapa utategemea historia. Ikiwa paa liliezekwa hivi karibuni, au ulikinga mvua ya kwanza baada ya kiangazi, acha kuyatumia maji hayo na ubadilishe maji ya tangi kidogo kidogo kwa maji ya chanzo kingine.

Maji ya mvua yana shida ya pili, nayo hujitokeza baada ya miezi. Hayana kaboneti, yaani madini ya kuzuia pH (kipimo cha asidi ya maji, ambacho hushuka asidi inapozidi) isishuke, ilhali kazi ya bakteria wa kichujio hutengeneza asidi kila siku. Siku moja pH inashuka chini ya 6, bakteria wale wanalegea, na amonia inaanza kupanda katika tangi ambalo mwenyewe analihesabu kuwa limekomaa. Dawa yake ni rahisi huku kwetu: vipande vya mawe ya chokaa yanayochimbwa Koru, vikioshwa vizuri na kutiwa ndani ya kichujio, huyeyuka polepole na kurudisha kinga hiyo. Zingatia kwamba ninasema jiwe ghafi. Chokaa iliyochomwa, ile ya unga mweupe wa kupakia ukuta, hupandisha pH kwa kiwango cha kuua tangi zima ndani ya muda mfupi.

Tangi ni jipya, au samaki wameongezwa wengi kwa pamoja

Tangi jipya huhitaji majuma manne hadi sita kabla ya bakteria kuwa wa kutosha kugeuza amonia inayotokana na mkojo, kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Kabla ya hapo, samaki hukaa ndani ya uchafu wao. Maji yanaweza kuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, au yakawa maangavu kabisa. Uangavu hauthibitishi lolote. Pima kwa kifaa cha matone. Amonia na nitriti zinatakiwa kuwa sifuri, na zikiwa juu ya hapo, badilisha robo au theluthi ya maji kila siku na upunguze chakula hadi zishuke. Nitriti huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, ndiyo maana matamvua ya samaki aliyekufa kwa nitriti huwa ya kahawia badala ya mekundu. Chumvi ya jikoni, gramu moja kwa kila lita, iliyoyeyushwa kwanza ndani ya bakuli, huipunguzia nitriti nafasi ya kuingia mwilini wakati maji yanaporekebishwa.

Hapa mfugaji wa Nakuru anahitaji kuwa mwangalifu kuliko mwenzake wa Kisumu. Amonia iko katika sura mbili ndani ya maji, na ile iliyo gesi ndiyo inayopenya kwenye matamvua na kuua. Kwa joto la nyuzi 25, sehemu hiyo yenye sumu haifiki asilimia moja ya amonia yote pH inapokuwa 7. Inapokuwa 8 hufika karibu asilimia 5. Na inapokuwa 9 huzidi theluthi. Maji ya visima vya Bonde la Ufa mara nyingi huwa na alikali nyingi, pamoja na ile floridi ambayo wakazi wa Nakuru wanaijua kutokana na meno ya watoto. Kifaa kikionyesha kiwango kile kile cha amonia Nyalenda kule Kisumu na Lanet kule Nakuru, samaki wa Nyalenda huenda akaonekana mchovu tu ilhali wa Lanet anakufa. Kwa hiyo namba ya amonia isisomwe peke yake bila pH.

Wengine hujaribu kushusha pH kwa siki au ndimu. Katika maji yenye kaboneti nyingi, pH hushuka kwa saa chache kisha hupanda tena, na mpando huo na mshuko huo huwachosha samaki kuliko pH ya juu iliyotulia. Njia yenye busara ni kuchanganya maji ya kisima na ya mvua yaliyokingwa vizuri, kwa kiasi kile kile kila mara. Ziwa lenyewe lina maji laini ambayo pH yake hubadilika kati ya 7 na 9 kutegemea mahali na saa ya siku, hivyo fulu huvumilia mengi, almuradi mabadiliko yasiwe ya ghafla.

Baridi ya Nakuru nayo isisahaulike. Maji ya ziwa huwa kati ya nyuzi 23 na 28, na usiku wa Julai sebuleni huweza kuyateremsha maji ya tangi chini ya hapo. Fulu walioganda chini bila kula, wakichangamka alasiri, wanahitaji hita kabla ya kitu kingine chochote.

Jike hali chakula na koo lake limevimba

Dalili hii ndiyo inayosababisha dawa nyingi kutumiwa bure. Jike wa fulu huatamia mayai kinywani. Baada ya kutaga huyaokota mara moja, kisha huyafuata madoa yanayofanana na mayai kwenye pezi la chini la dume, na kwa kufanya hivyo huvuta mbegu za dume hadi mayai yaliko. Tangu hapo hukaa na mzigo huo kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, akila kidogo sana au bila kula kabisa.

Mtazame kwa subira kabla ya kuamua. Simama kando ya tangi mwanga ukiwa nyuma yake. Taya la chini litakuwa limeshuka, ngozi ya koo imekazwa, na kupitia ngozi hiyo utaona vivuli vya mviringo vya rangi ya manjano. Baada ya kila muda mfupi atafanya mwendo wa kutafuna bila kumeza: anayageuza mayai ili yapate maji safi. Tumbo lake litakuwa limeingia ndani. Samaki mwenye ugonjwa wa kuvimba huwa kinyume cha hapo, koo likiwa la kawaida na tumbo limejaa.

Ukishathibitisha, usifanye lolote. Kumfukuza kwa wavu humfanya ayateme au ayameze. Ikiwa wenzake wanamsumbua na ni lazima ahamishwe, subiri usiku taa zikiwa zimezimwa, umwongoze ndani ya jagi lililojaa maji badala ya kumwinua kwa wavu. Jike wa mara ya kwanza mara nyingi humeza mayai baada ya siku chache na kuanza kula tena. Hilo ni jambo la kawaida na uzao unaofuata huwa bora. Watoto wakitoka, walishe pelleti zilizosagwa hadi kuwa unga laini, kidogo mara kadhaa kwa siku, na usishangae kuona mama akiwafungulia kinywa warudi ndani wanaposhtuka.

Mmoja amejibanza kwenye kona ya juu, mapezi yameraruka

Upungufu wa oksijeni huwapandisha wote. Samaki mmoja peke yake, aliyekaa kona ya juu nyuma ya bomba la kichujio na mkia wake ukiwa na mikato, anapigwa. Dume anayemiliki eneo hamwachii nafasi dume mwingine, na tangi fupi halina mahali pa kukimbilia. Panga mawe upya ili mipaka ya zamani ipotee, ongeza mapango, na uweke dume mmoja kwa majike wanne au watano. Mikato iliyo safi hupona yenyewe katika maji mazuri, lakini kingo zikiwa nyeupe na zenye nyuzinyuzi, maradhi yameingia kwenye jeraha na samaki huyo atengwe.

Dume aliyefifia rangi bila dalili nyingine amepoteza cheo tu.

Watoto wamekua na rangi za kijivu zisizofanana na za baba

Huu si ugonjwa, ila kwa anayetaka kuhifadhi fulu wa asili ni hasara kubwa kuliko kifo cha samaki wawili. Aina nyingi za fulu huzaliana zikichanganywa, na majike wa aina mbalimbali wanafanana kiasi kwamba hata mvuvi mzoefu huwachanganya. Utafiti wa Ole Seehausen na wenzake uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba majike huchagua madume kwa rangi, na kwamba maji ya ziwa yanapopoteza uangavu wake kiasi cha kuficha rangi hizo, mipaka kati ya aina huanza kuvunjika. Tangi lenye taa ya manjano hafifu linaweza kuleta mkanganyiko kama huo. Weka aina moja kwa kila tangi, tumia taa nyeupe, na usimpe rafiki samaki wa mchanganyiko kwa jina la aina yoyote wala usiwamwage mtoni au bwawani.

Samaki mpya anaelea kichwa chini

Alivutwa kutoka kina kirefu. Kibofu cha hewa cha sikilidi hakina njia ya kutoa hewa kupitia kinywani, hivyo hutanuka samaki anapopandishwa upesi. Wachache hupona wakiwekwa gizani na kuachwa watulie. Mwombe mvuvi akuletee waliokamatwa ufuoni kwenye maji mafupi, na kwa siku za kwanza wape viluwiluwi vya mbu, kwa kuwa samaki wa porini hazitambui pelleti kuwa ni chakula.

Tumbo limejaa na kinyesi ni cheupe kama uzi

Anza na lishe. Omena mkavu aliyesagwa ni chakula kizuri kwa kiasi, lakini akiwa mzee mafuta yake huwa yamechacha, na utaona utando unaong'aa juu ya maji muda mfupi baada ya kulisha. Fulu wa Kanyaboli, yule mwenye wekundu na ukijani ambao wafugaji wa ng'ambo wameupenda, kwa asili hula zaidi mimea, na akilishwa omena kila siku matumbo yake husumbuka upesi. Mfungishe siku tatu, kisha mpe sukuma wiki au spinachi iliyochovywa katika maji moto.

Akiendelea kukataa chakula na kinyesi kikabaki cheupe, vijidudu vya utumbo vinashukiwa. Mtenge, uulize daktari wa mifugo kuhusu metronidazoli. Kipimo kinachotumiwa sana ni miligramu 250 kwa lita 40 za maji, kikirudiwa kila baada ya siku mbili kwa mara tatu, na robo ya maji ikibadilishwa kabla ya kila kipimo. Magamba yakiwa yameshasimama, figo zimeshindwa, na matumaini ni madogo.

Madoa meupe ya ukubwa wa chembe ya chumvi

Kimelea cha madoa meupe hukaa chini ya ngozi ya samaki, huanguka, huzaliana sakafuni, kisha watoto wake huogelea kutafuta samaki wengine. Dawa na chumvi huwaua wanaoogelea tu. Anayeacha tiba siku madoa yalipopotea huyaona tena baada ya wiki, mengi zaidi. Pandisha joto polepole hadi nyuzi 30 ili mzunguko uende kasi, ongeza chumvi hadi gramu mbili au tatu kwa lita ndani ya siku mbili, na uongeze mtikisiko wa uso wa maji, kwani maji moto katika mwinuko wetu hushika oksijeni kidogo zaidi. Endelea kwa siku kumi hivi baada ya doa la mwisho kutoweka, halafu upunguze chumvi kwa kubadilisha maji. Nyavu, ndoo na mipira iliyogusa tangi hilo ianikwe juani hadi ikauke kabisa kabla ya kutumiwa kwingine, kwa maana kimelea hiki hakistahimili ukavu.